Mpira wa Pampu Uliopunguzwa kwa Wembe

Jua limeshapanda juu ya vilima, na ufukwe wa Kapalamsenga unanuka dagaa. Fundi Telesphor Gaspar amelala kifudifudi ndani ya boti la mbao, kichwa kimezama kwenye sehemu ya injini, miguu imebaki nje. Anafungua kifuniko cha pampu ya maji. Amevaa suruali yake nzuri, ile ya safari, na tayari ina doa la oili kwenye goti.

Hatua chache kutoka hapo, lori la Masele linapakia magunia ya kwenda Mpanda mjini. Litaondoka saa nne. Baada ya hilo hakuna lori jingine mpaka Jumatatu.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi binti yake, Evaline, anafunga ndoa kanisani Usevya, na njia ya kwenda huko inapitia Mpanda.

“Mungu wangu!” sauti inatoka kule ndani. “Manyanda! Hebu njoo. Njoo uniambie mimi ndiye sioni vizuri au ni nini.”

Manyanda ndiye mwenye boti. Alihamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akauza baadhi yao akanunua boti, na sasa anabeba abiria na mizigo kati ya Ikola na Karema. Anasogea taratibu, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

Fundi anajiinua. Kiganjani ameshika kitu cheusi cha mpira, cha duara, chenye mapanga laini yaliyotokeza pembeni kama ya feni. Kwenye vitabu kinaitwa impela. Hapa ufukweni ni mpira wa pampu, basi. Ukizunguka unavuta maji ya ziwa, maji yanaipoza injini, kisha yanatemwa nje ubavuni mwa boti. Mpira ukifa, injini inachemsha. Ukiendelea kuiendesha hivyo hivyo inanoki, na boti linabaki la kuanikia dagaa.

Mpira huu ni mpya kabisa. Ila ncha za mapanga yake zote zimekatwa.

“Umeukata?”

“Nimeupunguza,” anajibu Manyanda. “Kidogo tu.”

“Kwa nini?”

“Ulikuwa mkubwa, fundi. Ulikataa kuingia. Nikachukua wembe, nikaulinganisha na tundu. Kwani ng'ombe akizidi kwato si unampunguza?”

Telesphor anatazama juu, anatazama chini, anatazama lori.

“Umetengenezwa mkubwa makusudi, baba! Unayakunja mapanga, unaingia kwa kujibana, yanagusa ukuta wa pampu. Yasipogusa yatavutaje maji? Kwa sala?”

Fundi huyu ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na saba sasa amekuwa akiuliza maswali ya namna hii. Alizaliwa Usevya, kwenye familia ya wakulima wa mpunga na mahindi. Mwaka 1979 paroko alimleta ziwani asaidie kwenye boti la misheni, na fundi mzee wa boti hilo ndiye aliyemfundisha kazi. Mzee alipofariki, wenye maboti wakahamia kwa Telesphor, wala hawakumuuliza kama anataka. Kwa kufunga mpira mmoja anapata shilingi elfu mbili. Siku nyingine anapata ndoo ya dagaa na ahadi.

Kazi yenyewe haimchoshi. Wanaomchosha ni watu.

“Huyu anawasha injini boti likiwa mchangani, eti asikie mlio,” anasema. “Hakuna maji, mpira unasuguana mkavu, dakika si nyingi umeungua. Huyu amesahau kufungua koki ya maji. Yule anaupaka mawese ili uteleze. Mawese ni ya maharage! Ukiupaka mafuta unavimba. Nimesema mpaka koo limekauka. Wanaitikia, ‘Ndiyo, fundi.’ Kesho wanarudia.”

Kisha anataja jambo ambalo halijamtoka moyoni. Mwaka 1993, binti yake mkubwa Verdiana alipoolewa, mtu mmoja aliunguza pampu siku ile ile fundi alipokuwa anafunga mzigo. Fundi akaombwa, akabaki. Alifika Usevya Jumapili.

“Nilikuta wanaosha masufuria,” anasema. “Verdiana alinisalimia vizuri tu, ‘Shikamoo, baba.’ Afadhali angenitukana. Mama yao, Monika, hakunisemesha wiki nzima, na haki yake.”

Safari hii Monika alitangulia mapema Usevya, akamwachia neno moja tu: “Tutakuona.”

Ndiyo maana wiki hii fundi alitaka kuiacha ufukweni kila injini ikiwa nzima. Ya Manyanda ilikuwa ya mwisho, juzi. Aliutoa mpira wa zamani, ambao mapanga yake yalikuwa yamelala upande mmoja na kukataa kusimama. Akamwonyesha mwenye boti ule mpya, wa pekee uliokuwa umebaki, ulioletwa na meli kutoka Kigoma. Akamwambia atakuja kesho yake kuufunga. Kesho yake akakuta umeshafungwa, kifuniko kimekazwa, na Manyanda anatabasamu. Fundi akafurahi. Hakufungua kuangalia.

Jana jioni boti lilitoa moshi katikati ya safari ya kutoka Ikola. Bahati nzuri Manyanda aliizima injini upesi, na abiria wakapiga makasia mpaka nyumbani, wakimtukana njia nzima.

“Ungeningoja!” fundi anafoka. “Siku moja tu! Ulikuwa na haraka gani?”

Manyanda anazungusha kofia mkononi.

“Nilisikia una harusi,” anasema. “Watu wakasema, safari ile tulimkosesha. Nikasema mimi nisimsumbue, nifunge mwenyewe, fundi aende kwa mtoto wake.”

Telesphor anaketi kwenye ubao wa boti.

“Nilimwambia,” inasema sauti nyuma yao. Ni Nyanzala, mke wa Manyanda, anayekaanga samaki hapo ufukweni na ambaye wengi humwita mama Kija. “Nilimwambia, fundi alisema unauzungusha, huukati. Akaniambia mambo ya injini niyaache.”

“Ulisikia wapi?” fundi anauliza.

“Si nilikuwa nimesimama hapa hapa ulipokuwa unawafungia wengine? Nyie mnafikiri mtu akikaanga samaki masikio yanafungwa?”

Fundi anauchimbua ule mpira wa zamani kwenye sanduku lake la vifaa.

“Mama Kija, una sufuria jikoni?”

Mpira unatumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Polepole mapanga yanalegea, yanaanza kunyooka. Si dawa ya kudumu. Pengine mpira utavumilia wiki mbili, mpaka meli ilete mwingine. Lori linapiga honi ya kwanza. Fundi anajaribu kuupachika, lakini kwa haraka aliyonayo mpira unamponyoka mara mbili.

“Lete,” anasema Nyanzala.

Anapaka sabuni ya mche, si mawese. Anaukamata mpira kwa vidole vyote, anayakunja mapanga upande mmoja, anausukuma huku akiuzungusha kufuata mwendo wa injini. Unaingia. Manyanda anamletea kifuniko.

“Kifuniko kaza pole pole, skrubu hii, kisha ya upande wa pili,” fundi anaelekeza, tayari amebeba begi. “Koki fungua kwanza. Boti liwe majini! Ukiwasha, angalia ubavuni. Maji yasipotoka, zima. Wewe ndiye uangalie, mama Kija. Yeye ashike usukani tu.”

Lori linapanda kilima taratibu. Fundi ameketi mbele karibu na Masele, na ziwa lote linaonekana chini. Boti la Manyanda limeshasukumwa majini. Mlio wa injini unasikika, unakatika, unasikika tena. Mtu mmoja amesimama juu ya boti, anapunga kitambaa kwa nguvu.

Kwa mbali hivi haiwezekani kuona kama maji yanatoka ubavuni. Wala haijulikani kitambaa kinasema kwaheri au rudi.

Masele anapunguza mwendo. “Wanakuita, fundi. Nisimame?”

Telesphor ameshika mlango, vidole kwenye kitasa. Anasikiliza.

“Endesha,” anasema.

“Na kama imeungua?”

“Nitaifungua nikirudi. Jumamosi nataka nimshike Evaline mkono nimpeleke mpaka mbele ya padre, watu wa Usevya wote waone kwamba yule mtoto ana baba. Endesha, Masele, kabla sijashuka.”