Ndoo Pembeni mwa Kiwanja

Mimi ni mtu wa kutotulia, na msimu ule ndio ulinimaliza kabisa. Tangu mechi ya kwanza ya ligi ya mkoa, tuliyocheza Nanganga upepo ukitupelekea mpira mpaka barabarani, akili yangu ilikuwa kwenye mechi moja tu: ya mwisho, Kitangari. Kitangari ndiko kwetu. Kitovu changu kimezikwa kule, na mama yangu yuko kule mpaka leo. Mimi nilihamia Masasi, natengeneza pikipiki karibu na stendi, na jioni nachezea klabu ya wavu ya mjini. Ni seta, yaani yule anayemwekea mwenzake mpira juu ya wavu ili aupige.

Mama alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Kwake yeye, mtu mzima mwenye ndevu anayerukia mpira jioni nzima ana walakini. Nikimpigia simu, salamu haijaisha vizuri anauliza, "Bado unarukaruka?" Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma. Nilitaka anione, basi. Hata pointi moja. Habari za ubingwa waulizeni wengine.

Wenzangu wengi ni Wayao na Wamakua, na kwa utani walinichoma msimu mzima. "Huko kwenu juu mlimani maji hakuna, mtu akioga mnapiga ngoma!" Nami nawajibu kwamba wao maji wanayo na bado wananuka salfa, maana ulikuwa wakati wa kupuliza mikorosho dawa hiyo na nusu ya timu ilikuja mazoezini moja kwa moja kutoka shambani, macho mekundu. Hakuna wa kukasirika, utani ndio huo. Kukasirika nilikasirika kwenye mechi ya Lupaso, nahodha aliponiambia naweka mipira kama mtu anayefukuzwa. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatolewa nje seti nzima. Alikuwa na haki yake, nilikuwa nafukuzwa kweli.

Ikatokea kwamba sisi na Kitangari tunalingana pointi. Atakayeshinda kule ndiye anakwenda fainali Mtwara. Wiki ile nilikuwa nafunga nati za pikipiki za watu, nazifungua, nazifunga tena. Mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi tukapanda mlima kwa lori, Kenta. Nimeshuka tu, nikaanza kuamkia. Mtoto wa nyumbani hapiti hivihivi: shikamoo huku, shikamoo kule, umekonda, huyu ndiye yule? Na nyuma ya mstari wa kiwanja, katikati ya kina mama wenzake, nikamwona mama, kavaa kitenge ambacho huwa anakitoa siku za harusi. Jamani! Nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, kacheze, niione hiyo kazi yako."

Sasa, sisi wa Masasi tuna desturi yetu. Kiwanja chetu kiko nyuma ya soko, vumbi tupu, na bomba liko jirani. Kabla ya kila mechi, anayetangulia kufika anamwagia maji kiwanja. Hatumwi mtu. Hata ugenini tunafanya hivyo, tunaona ni adabu, kumsaidia mwenyeji kazi. Wenzangu wawili wakaona ndoo zimepangwa pembeni mwa kiwanja chini ya mkorosho, zimefunikwa masinia. Wakajua ndizo hizo, wakaanza kumwagia.

Kilichonigeuza ni mlio wa maji. Ndoo ya tatu ilikuwa inaishia mchangani.

Maji yale kina mama waliyafuata bondeni tangu alfajiri na kupanda nayo mlima, ili wageni tunywe, tunawe, tupikiwe. Kila kampeni tunaahidiwa kumtua mama ndoo kichwani. Kwetu ahadi hiyo tunaijua kwa moyo. Hakuna aliyetutukana. Laiti wangetutukana! Niliwarukia wenzangu, "Mmelogwa nyie? Mnajua mmemwaga nini?" Mmoja wao, mrefu wetu, mpiga smashi, alishika kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu tunamwagia." Nahodha akapiga magoti mbele ya kina mama, akaomba radhi, akasema timu nzima itashuka bondeni sasa hivi.

"Mgeni hatumwi maji," mama akasema. Akaokota ndoo yake, maana ya kwanza kumwagwa ilikuwa yake, akaanza kuteremka.

Nikamkimbilia. "Mama, acha, baki uangalie mpira."

"Na wageni wale chakula kwa mikono michafu? Filimbi hiyo. Kacheze."

Nikacheza. Nilicheza mwili uko kiwanjani na macho yako kwenye njia ya bondeni. Kila nikiweka mpira nachungulia. Seti ya kwanza yao, ya pili yetu, na hivyohivyo tukabadilishana mpaka ya tano. Nilikuwa namwomba Mungu vitu viwili vinavyogombana: mechi isiishe, na mama awahi.

Ikafika wenyeji wamebakiza pointi moja, mpira uko mikononi mwao, kocha wetu mapumziko yote kashayamaliza. Ndipo nikamwona. Amepanda, kitenge kimelowa mabegani, ndoo imejaa kichwani. Akaja mpaka karibu na nguzo ya wavu, akasimama. Watu wote wanatazama mpira, hakuna hata mmoja wa kumtua. Na mama amesimama tu na mzigo wake, shingo imenyooka.

Refa akapuliza. Mpira ukapigwa. Mwenzangu wa nyuma aliupokea vizuri ajabu, ukapaa taratibu mpaka pale seta anapotakiwa kuwa. Seta alikuwa nje ya mstari, mikono yake iko kwenye ndoo ya mama yake. Nikausikia ukianguka.

Kitangari nzima ikalipuka. Mrefu wetu akakaa chini kwenye mchanga alioumwagia maji yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaishusha ndoo, naikumbatia kifuani, nahema, na, kusema uongo ni dhambi, nilijiona mtoto mwema.

Mama alinitazama kama nimemkanyaga mguu.

"Umefanya nini?"

"Nimekutua, mama."

"Nani kakuomba? Nilisimama pale nikutazame! Ndoo nimebeba tangu hujazaliwa, leo ndiyo inishinde kwa pointi moja?"

Nikabaki nimeikumbatia, maji yakinimwagikia miguuni, sijui niiweke wapi.