Viatu vya Mtu wa Sita

Mwenye nyumba wetu alijua tuko wangapi kwa kuhesabu viatu. Au niseme aliyehesabu ni msimamizi wake, maana yeye mwenyewe hakukanyaga pale.

Tulikaa Ngara, miaka michache baada ya uhuru, chumba kimoja katika nyumba iliyojengwa kwa familia moja kisha ikakatwakatwa kwa mbao ziingie familia saba. Sharti lilikuwa watu watano kwa chumba. Si kwamba alituonea huruma tusibanane, alihofia choo chake kitajaa. Sisi tulikuwa watano barabara: baba, aliyesomesha watoto Kurani karibu na River Road, mama, na sisi mabinti watatu. Tulikuwa watu wa pwani, tukisali pale pale tulipolala, kwa hiyo viatu vilibaki nje ya mlango. Msimamizi alipita kila asubuhi akivihesabu kama mayai.

Kisha bibi, mama yake baba, akaja kutoka pwani. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alisema akipasuliwa ataona, ila angoje zamu yake. Tukamficha. Tulimsihi jambo moja tu, akitoka chooni aingie na viatu vyake avifiche chini ya kitanda. Alikubali shingo upande. Viatu vya chooni kupita mahali mtu anaposujudu, kwake lilikuwa jambo la aibu hata kulitaja.

Alfajiri moja alirudi kutoka kutawadha, akavivua mlangoni, akavipanga kando ya vyetu, akaingia kusali. Ndivyo alivyofanya tangu utotoni. Sote tulikuwa bado tumelala.

"Nyinyi mko watano," msimamizi alisema mlangoni. "Hii ya sita ni ya nani?"

Hakungoja jibu. Aliondoka na vile viatu ili akamwonyeshe tajiri yake, na mchana akaja na fundi wakang'oa mlango wetu. Alisema utarudi mtu wa sita akiondoka.

Baba alikwenda kumwomba mwenye nyumba kwake, upande wa magharibi, kwenye majumba yenye bustani. Barazani mtumishi alimwambia avue viatu, sakafu imepigwa nta. Baba alitusimulia kwamba alifurahi, akidhani amefika kwa watu wenye adabu. Akasimama pekupeku, asikaribishwe ndani. Kutoka pale aliona vyumba vyenye vitanda vilivyotandikwa, visivyo na mtu. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akamwambia, "nikikuruhusu wewe, wote wataleta mama zao."

Nilimchukia mtu yule. Amekwisha kufa, na bado namchukia.

Tulitundika kanga mlangoni. Mvua ilipenya, na wanaume wa vyumba vingine walichungulia wakipita. Zamu ya bibi hospitalini ilikuwa imekaribia, mama akamlilia avumilie kidogo. Bibi alikataa kata kata. Alisema mabinti hawalali bila mlango kwa ajili ya macho ya kizee. Akapanda treni pekupeku, kwani viatu vyake havikurudishwa na vya mama vilimbana.

Mlango tulirudishiwa jioni ile ile.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumsalimu. Alinipapasa uso mpaka akanitambua, akanikalisha karibu yake, akaniuliza kama mlango wetu unafunga vizuri.