Bundi wa Korongoni na Mzigo wa Nyasi

Mume wangu alirudi kutoka hospitali akiwa mwembamba kama mpini wa jembe. Jioni hiyo hiyo bundi akalia juu ya jiwe la korongoni, chini ya shamba letu. Kwetu, bundi akilia karibu na mgonjwa, watu wanaanza kuongea habari ya jeneza. Mzee akasukuma uji wake kando. Asubuhi pia akaukataa.

Kijana wetu akatia sumu kwenye matumbo ya kuku. "Huyo ndege leo atanitambua!"

"Baba, ukimuua, mafuko utawawinda wewe?" Huyo ni binti yake, yuko sekondari, mdomo mkali kama panga jipya. Namwonea fahari.

Akanivuta mpaka chini ya lile jiwe. Palikuwa pamejaa madonge ya manyoya ambayo bundi hutapika. Akapasua moja kwa kijiti: mifupa ya panya, na fuvu la fuko, yule mwizi wa viazi vyangu.

"Shosho," akaniambia mimi bibi yake, "hawa wote wamelisha bundi wawili na kifaranga tu. Kila anayekula, chakula kingi kinaishia kwa kukimbia na kupata joto. Anayemla yeye anapata kidogo. Ndiyo maana chini ni wengi, juu ni wachache."

Ati hayo ndiyo wanafundishwa! Mimi shule niliiacha mapema, lakini kamba ya mzigo wa napia, nyasi za ng'ombe, imenichimba paji la uso. Ng'ombe anamaliza mzigo mzima, ananipa jagi moja la maziwa. Nilidhani ni uchoyo wake. Kumbe dunia nzima imepangwa hivyo! Nikatazama nyasi, mahindi, bonde lote mpaka msitu wa mlima. Majani yote hayo, na juu yake kabisa ndege mmoja, ananikodolea macho.

Tukampelekea mzee lile fuvu pale anapoota jua. Akaligeuza kiganjani.

"Huyu ndiye alikuwa anamaliza viazi?"

"Ndiye, Guka," mjukuu akamjibu babu yake. "Bundi amemmaliza."

Akanirudishia fuvu. Kisha akamwambia kijana wetu, "Zika hiyo sumu. Chini kabisa, mbwa asifukue."

"Na akilia tena, Mzee?"

"Si ana mtoto wa kulisha? Mimi nikikulisha wewe, nilikuwa nanyamaza?"

Jioni bundi akalia. Mume wangu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaninyooshea kikombe.

"Huo uji uko wapi?"