Biti Niliyoipandisha Polepole Mpaka Mkwe Akakaa Chini

Kuna watu wa Njombe ambao mpaka leo wakiniona stendi hawanisalimii kwanza, wanasimama wima, wanainamisha vichwa kama wako msibani, halafu wananipigia ngoma kwa mdomo, du du du, na kucheka hadi wanashikana mabega. Mimi nacheka nao, nifanyeje, kwa sababu aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, wiki nzima, nimevaa hedifoni.

Nimezunguka sana tangu hapo (Mbeya, Songea, Tunduma, hata Kyela niliwahi kuuza viatu), lakini nikifumba macho bado naiona studio yangu ya Makambako, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kuta nimezibandika trei za mayai ili honi za malori zisiingie kwenye nyimbo (ziliingia tu). Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kupatikana, redio za watu binafsi zinasikika, mitumba imejaa kila gulio, na kompyuta nazo zikawa zinakuja kama mitumba. Yangu niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshachoshwa na ofisi ya watu, rafiki akaniwekea programu ya kutengenezea muziki, na mimi nikajifunza kwa kubonyeza kila kilichobonyezeka.

Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja, kupandisha. Wenzangu walianza wimbo na ngoma, mimi naanza na noti moja, nyembamba, ya mbali, kama mtu anapiga filimbi ng'ambo ya bonde. Inajirudia. Naiongezea noti ya pili, baadaye ya tatu, naleta vinanda chini yake, naifungua sauti kidogo kidogo kama unavyofunua sufuria ya viazi usije ukaungua na mvuke, mpaka anayesikiliza anajiona anapandishwa mlima. Kule juu kabisa nakata kila kitu. Kimya, pumzi moja. Halafu ngoma na besi zinaanguka pamoja. Kwenye hedifoni nilikuwa nalia machozi kwa uzuri wa kazi yangu mwenyewe.

Sasa mdogo wangu, Witness, sisi tunamwita Witi, akaposwa na kijana wa Ludewa. Baba wa kijana, Mzee Haule, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alikuwa amesikia kwamba kaka wa binti ni mtu wa kulala kwenye malori (niliwahi kulala, sikatai, usafiri ulikuwa wa shida). Siku ya posa akauliza, "Huyu kaka yake anafanya kazi gani?" Akajibiwa, "Anatengeneza muziki kwenye kompyuta." Akaiacha chai yake mpaka ikapoa, na toka hapo alimwita Witi "huyo binti" tu, hakumwita mwanangu hata siku moja, jambo lililomnyima mdogo wangu usingizi.

Kwa hiyo Witi akanifuata studio. "Kaka, wimbo wa kuingilia ukumbini tutengenezee wewe. Mkwe aone kwetu nako kuna watu. Ila nakuomba, usinitie aibu."

"Wewe usikanyage kizingiti mpaka ngoma ianguke," nikamwambia. "Hapo utaingia kama malkia."

Basi nikapandisha kuliko nilivyowahi kupandisha maishani. Siku ya harusi, kwenye ukumbi pale Njombe, nikampa sidii yangu Saidi, mwenye spika, tuliyekuja naye kutoka Makambako. Akaniuliza, "Bwana, huu wimbo unaanzaje?" Nikataka kumshangaza na yeye. Nikamjibu, "Wewe weka tu, utaona." Hapo ndipo nilipojimaliza, na nilikuwa natabasamu.

Maharusi wakapangwa nje ya mlango. Njombe mnaijua, ukungu umeshuka, bibi harusi mabega wazi, wasimamizi wamevaa makoti juu ya nguo za sherehe. Ndani nimekaa nyuma, nimekunja nne. Saidi akabonyeza. Noti yangu ikatoka, nyembamba, ya mbali, na ukumbi mkubwa ule, jamani, hedifoni haikuwahi kuniambia habari za ukumbi mkubwa. Ilisikika kama kinanda cha kanisa kinachopigwa kijiji cha pili.

Watu wakasikilizia. Emsii akaangalia maiki yake. Na pale meza ya mbele Mzee Haule, ambaye alikuwa amemzika mama yake miezi michache nyuma, akaisikia ile noti, akavua kofia, akasimama, akainamisha kichwa.

Sasa kwetu mkwe akisimama wewe hubaki umekaa. Upande wa Ludewa wakasimama. Upande wetu wakaona wakwe wamesimama, wakasimama upesi, wengine na soda mkononi. Emsii, ambaye kazi yake ni kujifanya anajua kila kinachoendelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu wageni, tuendelee kusimama, tuwakumbuke wapendwa wetu waliotangulia."

Mimi peke yangu ndiye niliyejua ni kitu gani kinapanda ule mlima.

Na kilipanda. Saidi, aliyedhani mashine ina hitilafu, alikuwa ameshasukuma sauti mpaka mwisho. Noti ya pili ikaja, ya tatu, vinanda vikaingia, na kila nilipokuwa nimeongeza kitu, watu wakaongeza kulia. Kwikwi zikaanza kwa akina mama, zikahamia kwa wanaume. (Lazima niseme ukweli, nilivyoipanga ile melodi ilifanya kazi sawasawa.) Nikaanza kunyata kuelekea kwa Saidi, nimejikunja, na shangazi yangu akanidaka mkia wa koti.

"Unakwenda wapi watu wanaomba?"

"Shangazi, niache, itaanguka."

"Nini itaanguka? Simama hapa, kijana usiye na adabu."

Ikafika juu. Ikakata. Kimya. Mzee Haule, akiona kinanda kimenyamaza kwa heshima namna ile, akainua mikono na kusema, "Baba yetu uliye..."

Ngoma ikaanguka.

Vioo vya madirisha viliitikia. Mzee Haule miguu ilimwacha, akajikuta amekaa sakafuni mikono bado iko juu, na kwa kuwa mkwe amekaa, nusu ya ukumbi nao wakakaa. Mlango ukafunguliwa na Witi akaingia, maskini, kama nilivyomwelekeza, anacheza, anatabasamu, wasimamizi nyuma yake wanatupa miguu kushoto na kulia, mbele ya watu waliokuwa wanafuta machozi.

Akasimama. Akamwona mkwe chini. Akanitazama mimi, na macho yale sitayasahau. Halafu akatembea moja kwa moja hadi pale, akapiga magoti, gauni likaenea sakafuni, wakawa wamelingana yeye na mzee.

"Shikamoo, baba."

Mzee akashusha mikono. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Hebu waambie wapunguze hicho kitu."

Mwanangu. Shangazi akaachia koti langu, akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukamfuata, hata sikusikia Saidi alizima saa ngapi.

Baada ya sherehe wazee wa kwetu wakanituma Ludewa na jogoo na dumu la ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, nikaombe radhi. Mzee Haule akapokea, akauliza kama ile sidii ninayo. Nilikuwa nayo, na redio ndogo ya kubeba. Nikamvalisha hedifoni juu ya kofia. Akasikiliza yote, macho kafumba, na ngoma ilipoanguka hakushtuka, alitikisa kichwa tu mara kadhaa, taratibu.

Akazivua. "Kumbe ilikuwa inakuja," akasema. "Si ungetuambia tu."

Tangu siku hiyo wimbo wangu wowote wa harusi unaanza na ngoma, mwanzo kabisa, hata kabla mtu hajakaa vizuri. Na nikibanwa sana na hamu ya kupandisha, nachukua maiki kwanza, nawaomba wageni wabaki wamekaa, halafu namtafuta mkwe alipo, namwinamia sikioni, namwambia kwamba inakuja.