Ngozi ya Mbuzi kwenye Kiti cha Dereva

Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa na miaka minne, na tangu hapo sikuwa na shughuli nao zaidi ya kuuvalisha kiatu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akaanza kunionea huruma katikati ya habari. Sikuhitaji huruma. Nilihitaji gari lisilo na klachi, na nililipata.

Lilikuwa la daktari mmoja Mzungu wa hospitali ya misheni, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limekakamaa, akaliagiza kwao kwa ajili ya goti hilo. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia gari, kijitabu chake, na boksi lenye makopo sita ya oili nyekundu. Aliniambia oili ile ya giaboksi isichanganywe na nyingine yoyote, na siku ikigeuka nyeusi niibadilishe mwenyewe, maana Singida nzima hakuna fundi aliyewahi kuona gia zinazojibadilisha zenyewe. Alisema kweli. Fundi wa kwanza niliyempelekea alichungulia miguuni pa dereva, akahesabu pedali mbili, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuripoti polisi kwamba nimeibiwa klachi.

Ilikuwa miaka ile ambayo nchi nzima ilikuwa darasani. Bibi zetu walikuwa wanashika chaki, wazee wanasoma gazeti kwa sauti hata kama hakuna anayewasikiliza. Mimi nilikuwa nasimamia madarasa kumi na moja ya elimu ya watu wazima, kuanzia kijijini kwetu kando ya barabara kuu hadi mbele ya Ihanja, na kazi hiyo niliijua barabara. Bosi wangu wa mjini hakupenda kuiona mikononi mwangu. Majaribio ya kusoma na kuandika yalipokaribia, alinikabidhi mafurushi ya karatasi mbele ya wenzangu, akasema zisipofika kila darasa Jumatatu asubuhi, nafasi yangu atampa mtu mwenye miguu miwili. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya ofisi nikalia, nikanawa uso, nikaondoka.

Siku hiyo hiyo, nikirudi nyumbani, gari liligoma mlimani. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote lakini magurudumu hayakuvuta, hadi nikarudi nyuma taratibu na kuupanda mlima tena kwa kulibembeleza. Nilipofika nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Kilikuwa cheusi, kinanuka karanga zilizoungua.

Hapa sina budi kueleza habari za baba mkwe wangu. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba wa mume hawakaribiani. Hampeani kitu mkono kwa mkono, hamtazamani usoni, na kiti alichokalia mmoja wenu mwingine hakikalii tena, hata kikioshwa. Huo haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima, na mzee alikuwa mtu wa utaratibu kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu. Alipokuwa na neno na mimi aliwaambia kuku. "Kuku, mwambieni mwenye gari kwamba mbuzi wamelala chini yake." Nami niliwajibu kuku hao hao kwamba nimesikia, shikamoo. Tuliishi hivyo miaka sita.

Najua kwamba mwanzoni hakunitaka. Alimwuliza mwanawe nitabebaje maji na mguu ule, na swali hilo lilinifikia, kama maswali ya namna hiyo yanavyofika siku zote. Gari lilipokuja nilidhani litamaliza maneno. Badala yake liliyaongeza, kwa sababu mzee hakuweza kulipanda. Gari lenyewe lilikuwa kama kiti changu. Siku ya mnada wa Ihanja alikwenda kwa miguu, na mimi nilimpita nikiwa peke yangu, nikiendesha polepole nisimtimulie vumbi, naye akigeuzia uso vichakani. Watu walituangulia vicheko sote wawili. Niliona aibu, na hasira pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Basi, Jumapili. Mafuta yalikuwa shida, na magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda hata kama lingekuwa zima. Mume wangu alikuwa kazini Itigi, kwenye reli, na asingerudi hadi mwisho wa mwezi. Watu wote wa boma, mama mkwe akiwa mbele yao, walikuwa wamekwenda kwenye sherehe ya ubarikio kanisani. Mzee alibaki kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikuwa anakaribia kuzaa, na zizi lilikuwa nyuma kabisa. Nilijiona niko peke yangu, nikavaa ovaroli ya mume wangu.

Nisingethubutu kuivaa watu wakiwepo. Mwanamke ndani ya suruali, kijijini, mbele ya wakwe! Lakini gauni halifai kazi ile, na mimi nikianza kazi huwa naianza sawasawa.

Kando ya nyumba tulikuwa na handaki tulimochimba udongo wa tofali, maana serikali ilikuwa inahimiza nyumba bora. Lilikuwa jembamba na refu. Niliendesha gari likasimama juu yake, magurudumu huku na huku, nikazuia kila gurudumu kwa jiwe kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imekatika waya tangu masika. Nikajishusha handakini kwa makalio, nikakinga karai, nikalegeza nati ya chini kwa spana. Oili ilimwagika nyeusi tii. Niliiacha hadi tone la mwisho, nikafuta nati, nikaikaza, nikapanda juu. Hapo nilikuwa najisikia fundi mkuu wa mkoa.

Mdomo wa kujazia ulikuwa pale pale kijiti kilipokaa, chini ya boneti. Niliweka faneli, nikamimina kopo la kwanza, la pili, nikapima. Kijiti kilisema imejaa. Nikafurahi kwamba nimebakiza makopo manne mazima, nikayarudisha kwenye boksi, nikaingia garini na kuwasha. Nikaweka gia ya kwenda mbele, nikakanyaga mafuta kidogo.

Hakuna. Injini ilinguruma, gari halikutikisika hata kidogo. Nikaweka ya nyuma. Hakuna. Kabla ya hapo lilikuwa linavuta kwa shida, sasa lilikuwa halivuti kabisa, na mimi ndiye niliyeliua. Nilizima nikabaki nimeshika usukani. Mafurushi ya karatasi yalikuwa kiti cha nyuma, yamefungwa kamba, yananitazama. Niliogopa kweli.

Hofu yangu haidumu. Nilifungua kijitabu, nikasoma ukurasa ule neno kwa neno, kidole kwenye mstari, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Kosa lilikuwepo. Nilikuwa nimepima kama anavyopima kila dereva wa kwetu: gari limezimwa, limetulia, oili yote imeshuka chini. Hivyo ndivyo inavyopimwa oili ya injini, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna oili inayopimwa vingine. Hii ya gia hupimwa injini ikiwa inawaka, imeshapata moto, maana injini ikiwaka tu sehemu kubwa ya oili inavutwa ndani. Gari halikuwa limekufa. Lilikuwa na kiu.

Ila kijitabu kiliendelea. Kilitaka ujaze injini ikiwaka, mara kwa mara upitishe mkono wa gia kwenye kila nafasi, mguu ukiwa umekanyaga breki muda wote, na kijiti kitazamwe pale pale. Mguu uko ndani ya gari, kijiti kiko chini ya boneti. Na oili ikitosha gari litashika ghafla, breki ya mkono hakuna, handaki liko chini. Kazi ya watu wawili. Niliita majirani. Nikaita tena. Wote walikuwa kanisani, wanakula pilau.

Nilipogeuka mzee alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba.

Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikuwa na damu ya uzazi wa ng'ombe mikononi, na mimi nilikuwa ndani ya suruali ya mwanawe, nimejaa grisi hadi kwenye nyusi. Sikuwa na kanga ya kujifunika. Niliangalia chini, nikatafuta kuku. Palikuwa na jogoo mmoja. Nikamweleza jogoo yule shida yote: karatasi, Jumatatu, bosi na maneno yake ya miguu miwili, na kwamba namhitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga breki. Nilijua ninachokiomba. Akikikalia kiti kile, kwa mila mimi sitakikalia tena, na gari lililopona halitakuwa na dereva. Asipokikalia, halitapona. Moyoni nilikwisha kuamua kwamba nitakikalia, na ukoo ukitaka kuniita kikaoni uniite. Lakini yeye sikuweza kumwamulia.

Mzee aligeuka akaondoka, na mimi nikajua nimeharibu kila kitu, kazi na heshima kwa mara moja.

Alirudi amenawa mikono, na kwapani ana ngozi ya mbuzi, ile aliyokalia barazani kila jioni. Akafungua mlango wa gari, akaitandaza kwenye kiti akiinyoosha pembe zote, kisha akaketi juu yake. Niliona ni sawa, nguo zake zisishike grisi yangu. Akatazama pedali. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akaongea na mimi bila kuku.

"Mguu gani?"

"Wa kulia, Baba," nilisema. "Wa kushoto hauna kazi kwenye gari hili."

Akautazama mguu wake mwenyewe wa kushoto. Akausogeza pembeni, akaukunja, akakanyaga breki kwa wa kulia.

Nilimwonyesha kupitia dirishani namna ya kuwasha, na herufi zilizokuwa kwenye mkono wa gia. Herufi hakuzijua, yeye hakuwa na haja na darasa langu. Basi nikamwambia azihesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hesabu aliijua kuliko mimi, maana ni mtu wa mifugo. Nikarudi kwenye boneti. Injini ikiwaka, nilimimina kopo la tatu. "Ya pili," nikasema. "Ya tatu. Rudi." Kijiti bado kilikuwa kikavu nchani. Kopo la nne. Nusu ya la tano. Alipofika tena kwenye nafasi ya kwenda mbele, gari likajikaza lote na kusukuma mawe, na mguu wa mzee ukazama kwenye breki ukabaki hapo hapo. Halikusogea hata kidole kimoja. Nilichungulia kando ya boneti nikamwona: macho yametulia mbele, kidevu juu, kama amemshika fahali pembe na anajua hatamponyoka.

Nilipima mara ya mwisho. Oili ilikuwa safi, nyekundu, imefika kwenye alama. Nikamwambia arudishe mkono mwanzo na azime, akazima, akateremka.

Nilisubiri aondoke ndipo nianze kufikiria kile kiti. Hakuondoka. Aliinama ndani ya gari, akaikunja ngozi yake taratibu, akaipiga vumbi, akairudisha kwapani. Alisema akiniangalia usoni.

"Kiti chako sijakikalia. Nimekalia ngozi yangu. Kesho nenda kazini."

Kisha akaenda kumtazama ndama. Nilisimama pale na tambara mkononi hadi watu walipoanza kurudi kutoka kanisani, ikabidi nikimbilie ndani kubadili ovaroli. Sikumwambia mtu yeyote, na najua yeye pia hakusema.

Jumatatu niliondoka alfajiri kumeanza kupambazuka. Gari lilivuta vizuri, gia zinaingia moja baada ya nyingine bila mtikisiko, nami nikajisifu kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Haikuwa siku ya mnada. Lakini njia yetu ilipokutana na barabara kuu nilimkuta baba mkwe amesimama, amevaa koti lake la mikutano, fimbo mkono mmoja, ngozi kwapani.

Nilisimamisha gari. Alifungua mlango wa nyuma, akasogeza mafurushi ya karatasi, akatandaza ngozi yake, akaketi, akafunga mlango. Hapakuwa na kuku hata mmoja.

"Haya," alisema nyuma yangu. "Mguu wa kulia."

Nikakanyaga mafuta, tukaenda Ihanja.