Mawaridi Mekundu ya Eufrasia

Alhamisi ya Makomadre, sikukuu ya wanawake waliofungana udugu kwa ubatizo wa watoto, wiki moja kabla ya kanivali, wanawake wa Wayllapata, juu milimani, hubadilishana kofia. Ndivyo wanavyofunga udugu upya: kofia yangu kichwani pako, yako kichwani pangu, mpaka jua lizame. Siku hiyo, sokoni, Eufrasia Ccahuana alikuwa na kofia ya Domitila, yenye ukingo mweusi. Domitila, mama wa ubatizo wa binti yake mkubwa, alikuwa ameaga na kuondoka na ile ya Eufrasia, iliyotariziwa mawaridi mekundu yaliyojulikana soko zima.

Eufrasia hakuzaliwa kutulia. Alisokota sufu huku akitembea, aliuza viazi amesimama, na kila alipojifungua, siku ya nne ilimkuta shambani. Aliinama kidogo tu kumpimia mteja viazi vikavu. Alipoinuka, Sabina, bintiye wa miaka mitano, hakuwapo.

"Sabina! Sabina wee!"

Akapita kwa wauza mahindi, akapita kwa wauza sufu, akarudi, akazunguka tena. Mgongoni, Hilario wa miezi miwili alirukaruka kama mzigo uliofungwa vibaya. Mgambo wa soko alikuwa ameegemea ukuta.

"Bwana mgambo, mwanangu kapotea. Ana miaka mitano, ana kovu kwenye nyusi."

"Kavaaje?"

"Kama watoto wa kwetu. Rinda jeusi, shali nyekundu."

Mgambo akacheka. "Basi chukua yeyote, mama. Ninyi watu wa juu mmefanana kama viazi."

"Viazi sisi tunavijua kimoja kimoja kwa jina! Wewe miaka kumi unakula vyetu na hujashika hata sura moja. Hayo macho umepewa ya kupepesa tu?"

"Mpe vidonge vyake, mama!" wauzaji wakapiga kelele.

Vidonge havikumrudisha mtoto. Hilario naye akaanza kulia kwa njaa. Eufrasia akamzungusha kifuani, akampa ziwa. Mtoto akatazama juu, akakuta ukingo mweusi umefunika paji na nywele. Akaachia chuchu, akapiga yowe kama aliyebebwa na mgeni. Mama akavua kofia afute jasho. Mtoto akatazama tena, akanyamaza, akanyonya.

Eufrasia akasimama katikati ya njia, watu wakimpiga vikumbo. Kwa huyu mchanga, mama ni pale nywele zinapokutana na paji. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na sita, angemtambua hata akivaa gunia. Lakini Sabina? Mwezi uliopita tu alimkumbatia mwanamke asiyemjua kwa sababu shali yake ilifanana na ya mama. Kujua sura hakuji kwa siku moja. Huiva mwaka hata mwaka. Sabina bado anajua kofia.

"Domitila!"

Akakimbia mpaka kwenye malori ya kupanda milimani. Moja lilikuwa limeshawashwa. Juu, kati ya magunia, aliona mawaridi mekundu, na chini yake mkono mdogo umeshika rinda.

"Mshushe! Mshushe mwanangu!"

Domitila, aliyekuwa akipiga soga, akageuka. "Ee Bikira Mtakatifu! Komadre, kumbe alinifuata mpaka juu! Nilidhani rinda langu limenasa kwenye gunia!"

Sabina akainua macho. Chini ya kofia ya mama yake palikuwa na uso usio wa mama yake. Akatazama barabarani: mwanamke kichwa wazi, nywele zimetimka, mtoto kifuani. Hakuruka. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

Dereva akapiga honi. "Mama, tunaondoka!"

"Ngoja! Ananitazama!"

Eufrasia alikuwa na sauti ya kuvuka mabonde mawili. Angemwita mara moja tu, mambo yakaisha. Akauma midomo. Mchana kutwa hakuna aliyetaka kumwona. Huyu, walau huyu, amwone.

Sabina akamkagua polepole: macho, pua, mashavu yaliyobabuka kwa baridi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili. Eufrasia akampokea, akaanza kupanda mlima kwa miguu, lori akaliacha liende.