Picha ya Padri Yegor

Maisha yake yote Kapitolina Yegorovna aliishi chini ya jina la baba yake, kwanza kwa kuzomewa, kisha kwa kuinamiwa. Padri Yegor alipigwa risasi mwaka 1937, binti akiwa na miaka minne. Shuleni walimwimbia, "Kitoto cha padri, kinanuka ubani!" Kazini posta alipanga barua miaka thelathini bila kupandishwa cheo. Serikali ya Kisovieti ilipoanguka, wazomeaji walewale wakaanza kumpisha kanisani. Kila mji wa Urusi sasa ulitaka mfiadini wake, na Zaluzhye haikuwa na mwingine.

Jina likapelekwa Moscow, kanisa limtangaze mtakatifu. Haraka haraka haina baraka, ila watu wa Zaluzhye hawakungoja jibu. Walimchora padri kwenye ubao, na duara la dhahabu kichwani, wakapanga foleni kumbusu. Miaka mitatu ikapita.

Jibu lilifika Jumamosi moja asubuhi. Padri Arseni, kijana wa juzijuzi, alimvuta Kapitolina kando, mbali na meza ya kanisani alipouzia mishumaa.

"Mama, wamekataa. Wamesoma faili la gereza. Baba yako alitia sahihi maelezo yao. Alitaja watu watano."

"Uongo! Wauaji wake ndio unaowaamini?"

"Sahihi nimeiona, mama. Mmoja wa hao watano ni Vasili, kiongozi wa kwaya. Naye aliuawa."

Vasili alikuwa baba wa Zinaida, shoga yake tangu utotoni, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa pale mezani akipanga mishumaa na kuyalaani magoti yake. Kapitolina alimwendea.

"Zina, baba yangu ndiye aliyemtaja baba yako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilisoma faili la baba mwaka tisini na mbili, walipoturuhusu. Na punguza sauti, watu wanasali."

"Miaka kumi na miwili! Ukanidarizia mpaka kitambaa cha picha yake?"

"Ningefanyaje, Kapa? Baba yako walimsimamisha siku tano bila kulala. Tena ningekununia, chai ningekunywa na nani? Na paka?"

Kapitolina hakucheka. Lililompiga sasa lilikuwa zito kuliko barua ya Moscow. Mtakatifu haombewi, yeye ndiye huombwa. Tangu picha ichorwe, alikuwa ameliondoa jina la baba yake kwenye karatasi ya marehemu inayosomwa madhabahuni kila Jumamosi. Kumbe baba alikuwa marehemu kama wengine, tena mwenye dhambi ya kutisha, na mwanawe wa pekee alimnyima sala.

"Miaka mitatu, Zina. Hakuna mtu aliyemwombea baba yangu."

"We naye!"

Zinaida alichomoa mfukoni karatasi yake ya marehemu ya Jumamosi ile, akamwekea mbele ya macho. Ilikuwa na majina sita, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. La kwanza lilikuwa Vasili. La pili, Yegor, padri.